Nimeitwa nikachezee wavu chuoni. Nikubali?

Swali: Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita hapa Tanga, naishi Chumbageni na wazazi wangu. Nacheza mpira wa wavu tangu shule ya msingi na nimefika timu ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo wa chuo kimoja cha Dar es Salaam ameniambia nikiomba kwao, nafasi ya timu ninayo na "ada watanisaidia". Baba hataki, anasema mshika mbili moja humponyoka. Mama anaogopa goti langu la kushoto, maana linaniuma nikiruka sana, na anauliza hijabu yangu itakuwaje huko. Halafu rafiki yangu ananiambia nisubiri, Marekani wachezaji wanasomeshwa bure. Wewe ulicheza chuo ukamaliza. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda chuo, na wavu cheza. Lakini huyo mwalimu usimpe jibu la mdomo, na chuo usikichague kwa ajili ya timu. Chagua kozi kwanza, kana kwamba goti lako litakukatalia mwezi wa kwanza tu. Kama kozi hiyo unaitaka hata bila timu, basi timu ni nyongeza njema. Kama huitaki, hakuna punguzo la ada litakalokuamsha kwa ajili ya kipindi cha saa moja asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha kutoka mashindanoni.

Mimi nilicheza katikati, kazi yangu kuzuia wavuni, mpaka nikamaliza shahada. Sasa nafundisha mabinti wavu hapa hapa Tanga, na kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka naletewa swali kama lako. Mara nyingi anayeuliza ameshaamua, anatafuta mtu wa kumwambia "hongera". Wewe umeuliza ya ada, ya goti, ya hijabu na ya baba kwa pamoja, kwa hiyo nakujibu yote.

Neno "watanisaidia" likae pembeni mpaka liwe barua. Hapa kwetu hakuna mfumo wa taifa wa kuwafadhili wanamichezo wa vyuo. Viko vyuo, hasa vya binafsi, vinavyompunguzia ada mchezaji wanayemtaka, na viko vingine ambako msaada wote ni jezi, nauli ya mashindano na sahani ya wali siku ya mechi. Mwalimu wa michezo anaweza kuviita vyote viwili msaada na asiwe amesema uongo. Ila ankara ya ada haiandiki yeye. Anaiandika mhasibu, na mhasibu hamjui spaika anayepiga wala libero anayelinda nyuma, anaijua barua ya uongozi wa chuo.

Barua hiyo iseme punguzo ni kiasi gani, ni la mwaka mmoja au la kozi nzima, na hosteli imo au haimo. Kisha iseme jambo ambalo wengi huona haya kuliuliza: nikiumia nikashindwa kucheza, punguzo linaendelea? Namfahamu mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu akiwa mwaka wa pili, akarudi kutoka likizo akakuta anadaiwa ada kamili. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Makubaliano yalikuwa ya maneno, na mwalimu aliyeyatoa alikuwa ameshahamia kazi nyingine.

Usidhani pia kwamba mchezo unalegeza sifa za kuingia. Kima cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa shahada, yaani prinsipo (ufaulu kamili wa somo la kidato cha sita) mbili, hakina mlango wa nyuma kwa wachezaji, na kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, omba kama anavyoomba mwanafunzi mwingine yeyote, usiuache kwa sababu umeahidiwa punguzo. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka na punguzo likawepo, vizuri. Punguzo likiyeyuka, unabaki na cha kukushikilia.

Sasa baba. Hofu yake ni ya kweli, ila nadhani anaitazama saa isiyo yenyewe.

Mazoezi yenyewe hayatishi. Timu nyingi za vyuo hukutana saa kumi au kumi na nusu jioni, jua likishapungua ukali, na giza likiingia mpira hauonekani, mnaondoka. Ni saa mbili hivi, siku nne au tano za wiki. Mwanafunzi asiyecheza chochote huzimaliza saa hizo hizo kwenye simu. Kinachokula masomo ni kile kinachofuata mazoezi. Unafika hosteli, foleni ya bafuni ndefu, kantini wamebakisha wali mkavu na maharage ya chini ya sufuria. Saa mbili usiku wenzako wa kikundi wanakutana kumalizia kazi waliyopewa na mhadhiri, nawe upo, umekaa, kalamu mkononi, na hakuna kinachoingia. Jina lako litaandikwa kwenye kazi ile kwa hisani yao. Mtihani ukija, hisani hiyo haiingii nawe chumbani.

Ndiyo maana mimi siamini ushauri wa "jitahidi usome usiku baada ya mazoezi". Mwili uliopiga sevu na kuruka jioni nzima kwenye joto la pwani hausomi usiku, unajidanganya. Soma alfajiri. Ukishaswali usirudi kitandani, keti na daftari mpaka saa moja kasoro, kabla hosteli haijachangamka. Niliocheza nao waliomaliza na GPA nzuri karibu wote walikuwa watu wa alfajiri, na usiku walilala mapema mpaka wakachekwa. Na yale maneno ya kusoma ndani ya basi mkitoka mashindanoni, mwachie anayeyasema. Basi la timu iliyoshinda linaimba, na la timu iliyofungwa limelala.

Mashindano ndiyo yanayohitaji akili zaidi. Michezo ya vyuo vikuu chini ya TUSA, au ile ya SHIMIVUTA kwa vyuo vya kati, hukutoa chuoni kwa siku kadhaa mfululizo, na jaribio la darasani halijui kwamba uko mkoa mwingine. Kwa hiyo semista ikianza tu, chukua mpangilio wa kila kozi, andika tarehe za majaribio, kisha mfuate mwalimu wa michezo akupe za mashindano anazozijua. Zikigongana, nenda kwa mhadhiri mapema ukiwa na barua ya chuo mkononi. Mhadhiri anayeombwa kabla mara nyingi hupanga siku nyingine. Anayefuatwa baada ya safari, na mtu mwenye medali shingoni, huwa hana la kukusaidia hata akitaka, maana alama za kozi zimeshaingizwa. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, nyingi za wachezaji nilizoziona zilizaliwa hapo, kwenye jaribio moja lililokosekana kimya kimya. Na sapu zikirundikana, kudisko, yaani kuondolewa chuoni, si hadithi.

Jambo jingine sijui kama baba yako amelifikiria. Waliofeli kwenye timu yetu hawakuwa waliofanya mazoezi kuliko wengine. Walikuwa wale ambao timu iliwageukia kuwa chuo kizima: wanakula na timu, wanakaa na timu mpaka usiku, darasani hawamjui hata mtu mmoja wa kumwomba notsi. Tafuta rafiki mmoja wa kozi yako asiyejua hata wavu unachezwa na wangapi. Huyo ndiye atakayekupigia simu kukwambia mhadhiri amebadilisha ukumbi.

Kuhusu goti, mwambie mama amefanya vizuri kuogopa, lakini asikuzuie kabla halijapimwa. Wavu wa wanawake unafungwa mita 2.24 kutoka chini. Msichana wa kimo cha kawaida akitaka mkono wake uwe juu ya hapo, anaruka kwa kila pigo na kila kizuizi, na shule zetu nyingi uwanja ni saruji au ardhi iliyoshindiliwa ikawa kama saruji. Maumivu ya wachezaji wa wavu mara nyingi hukaa chini kidogo ya kifuniko cha goti, pale penye ukano unaokiunganisha na mfupa wa muundi. Ukibonyeza kwa kidole unapaonyesha mahali penyewe. Ukianza mazoezi panauma, ukipata joto panapungua, kesho yake asubuhi ngazi zinakuwa adui. Kama ndivyo, ukano umebebeshwa kuliko ulivyozoea, pengine ulipotoka timu ya shule ukaingia kambi ya mkoa, miruko ikaongezeka ghafla.

Dawa yake haiko kwenye bandeji ya kufunga goti, wala kulala miezi mitatu halafu kurudi kuruka kama zamani. Ukano unataka mzigo wa polepole unaoongezwa kwa mpango. Wataalamu wengi wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, huanza na zoezi la kuegemea ukuta umekunja magoti na kutulia hapo, sekunde 45, kwa raundi 5, na baadaye kuchuchumaa polepole na uzito, wakati huo miruko ikipunguzwa bila kuondolewa kabisa. Nenda hospitali ya mkoa, Bombo, ukapimwe, na uombe fiziotherapia, usiridhike na vidonge vya maumivu peke yake. Kama goti linavimba, linakwama, au linalegea ghafla ukitembea, hilo ni jambo jingine na halingoji. Kano za ndani ya goti huchanika zaidi kwa wanawake kuliko wanaume katika michezo ya kuruka, na sababu moja inayoweza kurekebishwa ni kutua. Tua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na yakielekea mbele, yasianguke ndani. Mwambie mdogo wako akurekodi kwa simu ukitua, utajiona mwenyewe.

Ukitaka kucheza wakati unaliuguza, shuka ufukweni Raskazone maji yakitoka. Mchanga unapokea mshindo ambao saruji inaurudishia goti. Utaruka chini kuliko kawaida na mapaja yatawaka, usishangae. Na kama utaitwa JKT kwa mujibu wa sheria kabla ya chuo, nenda na cheti cha hospitali. Mchakamchaka wa alfajiri na viatu vigumu haujali kama wewe ni spaika wa mkoa.

Hijabu haina mgogoro na wavu. Mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio, Mmisri Doaa Elghobashy alicheza wavu wa ufukweni akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali, mbele ya dunia nzima, kwenye mchezo ambao wengi walidhani vazi lake ni bikini tu. Hapa kwetu timu za mabinti wenye hijabu si jambo la ajabu kwa yeyote. Unachotakiwa kufanya ni kumwambia mwalimu wa vifaa mapema, ili jezi yako iagizwe na mikono mirefu ya rangi ya timu, usije ukatafutiwa fulana ya kuazima siku ya mechi. Mwezi wa Ramadhani timu nyingine husogeza mazoezi mpaka baada ya futari, nyingine hazisogezi. Ukifunga, fanya mazoezi ya mikono na pasi jioni, kuruka kuache mpaka umekula na kunywa.

Kula nako kusichukuliwe mzaha. Nyumbani Tanga asubuhi unapata mbaazi za nazi na maandazi, mchana samaki, hujui kwamba umelishwa vizuri mpaka ufike hosteli uanze kuishi kwa chipsi mayai kwa sababu bumu limekata. Mchezaji anayetumia nguvu nyingi na kula kidogo hupungukiwa mwili mzima, na kwa msichana dalili ya mapema ni siku zake kuvurugika au kupotea. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inalihesabu hili kuwa tatizo la kiafya, linalodhoofisha mpaka mifupa. Ukiona miezi mitatu hakuna kitu na hakuna sababu nyingine, nenda kwa daktari. Wasichana wa timu yangu walikuwa wakifurahia, eti wamepumzika na pedi. Dagaa ni bei nafuu na wana madini ya chuma, mchicha usiukimbie, na maji kunywa kabla kiu haijakushika.

Hili linalofuata msome na mama. Kabla ya kujiunga na timu yoyote uliza nani mwanamke anayesafiri na wasichana. Kama jibu ni hakuna, nisingekuruhusu ungekuwa mwanangu. Mwalimu ana uwezo wa kukuweka kikosini au kukuacha benchi, na wengi wao ni watu wa heshima, lakini uwezo huo umewahi kutumiwa vibaya. Akikwambia mazungumzo ya nafasi yako yafanyike chumbani kwake, au meseji zake zinakuja saa tano usiku na hazihusu mpira, hiyo si tabia ya kuvumilia. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa 113. Mshauri wa wanafunzi chuoni naye ajue. Meseji usifute.

Marekani ipo, lakini rafiki yako amekupa nusu ya habari. Chini ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya huko, vyuo vya daraja la kwanza na la pili vinaruhusiwa kutoa ufadhili wa michezo, vya daraja la tatu havitoi. Kwa miaka mingi timu moja ya wanawake ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 12 za ufadhili, na tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vina ukomo wa wachezaji 18 kikosini. Wanaogombea nafasi hizo wanatoka Brazil, Serbia, Uturuki na Marekani yenyewe, wengi wao warefu kuliko mimi na wewe. Kocha wa huko hakupati kwa kusikia sifa zako, anataka video za mechi nzima, matokeo yako ya sekondari na Kiingereza cha kukaa darasani. Viko pia vyuo vya miaka miwili, ambavyo ni njia rahisi zaidi kwa mtu wa mbali. Kanuni ya muda mrefu imekuwa misimu 4 ndani ya miaka 5, na kukaa nyumbani muda mrefu ukisubiri huku ukicheza mashindano kunaweza kukugharimu msimu. Na wakala anayetaka fedha zako kwanza kabla hujaongea na kocha yeyote, mfungie mlango.

Na huko nako si likizo. NCAA imeweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki msimu ukiwa hai, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Inaonekana huruma, mpaka ujue kwamba siku ya mechi huhesabiwa saa 3 tu hata kama umeondoka asubuhi ukarudi usiku wa manane, na kusafiri hakuhesabiwi. Wachezaji wa kule hulalamika yale yale niliyokwambia ya hosteli, tofauti ni kwamba wao wana mkufunzi wa masomo aliyeajiriwa kuwafuatilia na chumba cha barafu cha kutuliza magoti. Wewe mkufunzi huyo utakuwa wewe mwenyewe.

Baba atauliza, na ana haki: wavu unalipa? Jirani zetu Kenya wamefika mbali kwa sababu taasisi kama KCB, Kenya Pipeline na Magereza zinashikilia timu za wanawake, na timu yao ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilicheza Olimpiki ya 2000, 2004, Tokyo na Paris 2024. Hapa kwetu njia ya namna hiyo inapita zaidi kwenye timu za majeshi, ambako mchezaji mzuri anaweza kupata ajira. Wengine wote tunalipwa na kozi tulizosoma. Niliocheza nao leo wako benki, wako wodini, wako bandarini, na nikikwama jambo huko nawapigia simu wanapokea. Ukicheza na mtu miaka kadhaa, ukamwona akifungwa na akikosea sevu ya mwisho, unamjua kuliko uliyekaa naye darasani. Hilo faida yake siwezi kukukadiria kwa shilingi, lakini mimi limenipatia kazi.

Mwisho wa kucheza haukuandaliwi na mtu. Hakuna mahafali ya timu. Jumatatu baada ya mechi ya mwisho saa kumi jioni inafika, mwili unakwambia twende, na hakuna pa kwenda. Wapo waliokaa miezi wakiwa wakali kwa watu bila kujua kwa nini. Usisubiri mpaka hapo: mwaka wa pili au wa tatu, chama cha wavu kikitangaza kozi ya urefa au ya ukocha, jisajili, ili siku ukiacha kuruka uwe na sababu nyingine ya kuwa uwanjani.

Wiki hii fanya hivi. Nenda Bombo na mama kwa ajili ya goti. Kaa na baba mchague kozi tatu ambazo ungesoma hata kama wavu usingekuwepo, kisha mwangalie kama chuo hicho kinayo mojawapo. Baada ya hapo mwandikie mwalimu: "Shikamoo mwalimu, nashukuru kwa kunikumbuka. Wazazi wangu wanaomba barua ya chuo inayoeleza punguzo la ada, muda wake, na utaratibu nikiumia. Wangependa pia kujua mwalimu wa kike anayesafiri na timu." Usiongeze neno. Barua ikija, niletee tuisome pamoja na baba yako. Akinuna kwa kuombwa, jaza chuo kingine kabla dirisha la udahili halijafungwa.